Rehani ya Mishi

Siku mliyoniaga mlinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi njema kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Kisha mkaniomba niandike machache kuhusu kazi yetu, yawafae wanafunzi wa uanahabari wanaokuja ofisini kila mwaka na mabegi mgongoni. Nimekaa na saa hiyo hapa Kisauni miezi mitatu, inanigongea kichwani. Leo naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitawaeleza nilivyoingia, aliyenifunza, na jambo moja nililolifanya ambalo hakuna kati yenu anayelijua.

Nilianza nikiwa mwanafunzi kama hao wenu. Ofisi ilikuwa ile ile mnayokaa, Changamwe, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ila ngazi zilikuwa za mbao na zilimtangaza kila aliyepanda. Mkuu wetu alikuwa Mzee Kaingu, mtu mfupi, mkavu wa maneno, mwenye kalamu mbili mfukoni: ya buluu ya kuandikia habari zake na nyekundu ya kuchinjia zetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa karatasi moja tupu.

"Keti pale. Niandikie unataka kuandika nini maishani mwako. Ukurasa mmoja tu. Na usinisifu mimi wala gazeti hili."

Nikaandika. Sikumbuki vizuri nilichokisema, ila najua neno "dunia" lilikuwemo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mzee alisoma, akakunja karatasi, akaitia kwenye faili la kijani na kulifungia kabatini.

"Hiyo ni rehani," akasema. "Siku utakayoleta habari ambayo kalamu yangu nyekundu haina la kufanya, njoo uikomboe."

Kila mwanafunzi aliyepita pale aliacha rehani yake. Wapo walioikomboa baada ya miezi, wapo walioondoka na kuisahau. Mimi ilinichukua mwaka mzima, na siku aliponirudishia niliona haya kuisoma.

Kazi ya kwanza alinituma soko la Kongowea nikaulize bei ya nyanya. Nikaenda, nikauliza, nikarudi na bei, najiona nimeshakuwa mwandishi.

"Nani kakwambia?"

"Muuzaji mmoja, Mzee."

"Huyo muuzaji mmoja hakuzaliwa? Hakupewa jina?"

Nikarudi sokoni na jua la saa saba. Yule mama akaniambia hatoi jina kwa mtu asiyenunua. Nikanunua. Alipokwisha kunitajia jina lake na la baba yake, bei nayo ilikuwa imeshapanda. Nilipanda zile ngazi na jina, bei mpya na mfuko wa nyanya. Mzee Kaingu akaandika jina daftarini, akachagua nyanya mbili zilizoiva na kuziweka mezani kwake. "Habari isiyo na jina ni uvumi," akaniambia. Neno hilo nililikariri kama sura fupi ya Kurani, na nimewaambia nyinyi nyote tangu mlipoingia. Ninachoungama ni kwamba niliwapa nusu yake.

Nusu ya pili aliifundisha Likoni. Kulikuwa na watu waliobomolewa nyumba kwa mgogoro wa ardhi, tukavuka feri kwenda kuwasikiliza. Wengi waliongea, lakini kila mmoja alisema, jina langu usiliandike. Mzee hakubishana nao. Tulipokuwa tumeketi barazani wakaja wanaume wawili, wakasema wao ni watu wa serikali, wakalitaka daftari lake. Akawapa. Wakafunua kurasa moja moja. Walichokikuta mahali pa majina ni Mlango wa Kijani, Mwenye Baiskeli, Mama wa Mapacha. Wakamrudishia daftari kwa hasira, wakaenda zao.

Kwenye feri ya kurudi akaniambia, "Jina ni mali ya mwenyewe, Zuhura. Akikupa, litumie. Akikukataza, lizike, hata mimi usinitajie. Nikilijua nitalitumia, mimi ni mhariri."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Mzee Kaingu alistaafu, na baada ya miaka michache tukamzika kwao Kaloleni. Mimi nikarithi meza yake, kalamu nyekundu na ufunguo wa kabati. Vitu vingine vilibadilika haraka. Kinasa sauti cha kanda kiliondoka na mkanda wangu mmoja wa mahojiano umo ndani mpaka leo. Faksi iliyokuwa ikila karatasi mbili kwa kila moja iliyotuma ikaenda kwa muuza vyuma. Zikaja kompyuta, zikaja simu zinazofanya kila kitu isipokuwa kumsikiliza mtu. Lakini faili la kijani nililishika vile vile, na kila aliyekuja na barua ya chuo nilimpa karatasi tupu.

Miaka kumi na miwili iliyopita akaja Mishi. Msichana mwembamba, mtaratibu, akiitwa huitika "abee" hata na walio rika lake. Alilelewa Mikindani na mama yake mdogo, aliyekuwa mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo upande wetu wa Changamwe. Jina la mama huyo silitaji humu, na sababu mtaiona mbele. Karatasi yake Mishi ameniazima, na kwa idhini yake nanakili kipande:

"Watu wakiandika Mombasa huandika kisiwani, ngome na fukwe. Mimi nataka kuandika huku bara. Nataka nimalize chuo, nifanye kazi ya habari miaka mitano nijifunze kuuliza, kisha niandike kitabu cha wanawake wanaopita kwetu alfajiri kwenda viwandani. Wanapita wakicheka na hakuna anayejua wanacheka nini. Msomaji wangu wa kwanza atakuwa mama mdogo. Nikimridhisha yeye, wengine watafuata."

Nilisoma mara mbili. Katika miaka yote ya kusoma kurasa zile, huo pekee ndio uliokuwa mpango. Nyingine zilikuwa ndoto, na yangu ilikuwa kelele. Nikajiambia huyu nitamwangalia kwa makini. Mungu anajua nilikusudia wema.

Mwezi wa pili akaleta habari. Katika kile kiwanda, alisema, mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli kwa nje wakati wa zamu, wafanyakazi wasitoke na vitambaa. Moto ukizuka, wanawake wote wale hawana pa kupitia. Aliongea na washonaji sita. Akauchora mlango, akaandika ufunguo hukaa kwa nani na kufuli hufunguliwa saa ngapi. Aliyempa habari yote, hatua kwa hatua, alimtaja kuwa "mfanyakazi wa miaka mingi". Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi kuanzia juu hadi chini, na sikupata pa kuiweka.

"Huyu wa miaka mingi ni nani?" nikamwuliza.

"Nimeahidi sitamtaja, Bi Zuhura."

"Hutamtaja gazetini. Mimi ni mhariri wako, lazima nijue kama yupo."

Akasita. Ningekuwa na masikio ya Mzee Kaingu ningeisikia kusita ile. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ni mama yake mdogo.

Siku ya kuchapa, saa tisa alasiri, mkuu wa zamu alinipigia kutoka makao makuu yetu Nairobi. Habari ni nzuri, inaweza kwenda ukurasa wa kwanza, lakini shutuma nzito kama hii haisimami kwa mtu asiye na jina. Mpatie jina au tuiweke kando. Nikampigia Mishi, hakushika. Baadaye nilijua alikuwa darasani. Nikapiga tena. Nairobi nao wakapiga. Nilikuwa na njia nyepesi tu ya kusema iwekeni kando, tutaitafutia njia nyingine kesho. Sikuisema. Ofisi yetu ilikuwa haijaonekana ukurasa wa kwanza kwa muda mrefu, na mimi nilitaka ionekane. Nikafuta maneno "mfanyakazi wa miaka mingi", nikaandika jina la mama yule, la kwake na la baba yake, kama nilivyofunzwa Kongowea.

Asubuhi yake gazeti lilitoka, na juu ya habari limeandikwa jina la Mishi. Ndani ya wiki kufuli liliondolewa. Wakaguzi walikwenda, wakapiga picha mlango ukiwa wazi, na Nairobi wakatupongeza. Mama mdogo wake Mishi hakuwepo kwenye picha. Aliachishwa kazi siku ile ile ya gazeti, kabla ya chai ya saa nne, na wenzake hawakuthubutu hata kumsindikiza hadi langoni.

Siku ya tatu nilisikia ngazi. Aliingia mwanamke wa makamo, buibui nadhifu, gazeti limekunjwa kwapani, na Mishi nyuma yake macho yamevimba. Nikamwamkia, nikamkaribisha kiti. Hakuketi.

"Nimekuja kuuliza neno moja tu, sikuja kugombana," akasema. "Huyu mtoto aliniahidi. Jina langu limeingiaje humu? Yeye asema si yeye, ni nyinyi wakubwa. Mimi namwambia kalamu ilikuwa mkononi mwako. Sasa sema wewe, mtu mzima."

Chini dukani walikuwa wanakata vyuma. Nilijua ninachotakiwa kusema, kilikuwa na maneno mawili tu, "Ni mimi." Lakini asubuhi ile Nairobi walikuwa wameniuliza nani aliruhusu jina lile, na mimi nikawajibu kuwa jina lilitoka kwa mwanafunzi. Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli, na jibu lenyewe lilikuwa uongo. Niliogopa. Pia niliona haya kushushwa mbele ya msichana niliyekuwa namfundisha, na haya hiyo, vijana wangu, ina nguvu kuliko woga.

Nikasema, "Mama, habari ni ya aliyeiandika. Jina lililo juu yake ni hilo hapo."

Mishi alinitazama. Hakunibishia, hakulia. Alinisubiri tu. Alinipa nafasi ya kutosha kulirudisha neno langu, na mimi nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Basi, nimesikia," mama mdogo akasema. Akaweka sawa buibui lake, akashuka ngazi peke yake. Mishi akatoa daftari la ofisi na kalamu ya ofisi, akaviweka mezani pangu. Akasema, "Shukrani, Bi Zuhura," kwa adabu ile ile ya kila siku, akaondoka. Chuo waliniambia baadaye kwamba ameacha masomo.

Baada ya hapo nilifanya kazi karibu miaka kumi na miwili. Mlinisifu kwa ukali wangu juu ya majina. Mmoja wenu alinitania kuwa nikifa nitamwuliza malaika jina lake na la baba yake. Nilicheka nanyi. Lakini kila mwaka nilipolifungua faili la kijani kuweka karatasi mpya, nilipita ile ya Mishi haraka haraka.

Nilipokuwa naondoa vitu vyangu kabatini, faili lilikuwa limebaki na karatasi mbili ambazo hazikukombolewa. Mwenye moja yuko ughaibuni. Nilimtumia ujumbe, akanijibu niichome na nisimwambie mtu ilichosema. Ya pili nilitia mkobani. Kwa haki ya kazi, ile rehani ilikuwa imekombolewa zamani. Kalamu nyekundu haikupata kitu katika habari ile. Aliyetia doa ni mimi.

Nilimpata Bombolulu. Ana chumba cha duka chenye kompyuta mbili na mashine ya kupigia chapa. Anawaandikia watu barua za kuomba kazi, malalamiko kwa chifu, wasifu wa marehemu wa kusomwa mazishini. Alinitambua nilipokuwa bado mlangoni.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Karibu, keti. Niko na huyu baba, sitakawia."

Nikaketi. Mzee mmoja alikuwa anaeleza habari ya ng'ombe, ya mwanawe na ya ukuta wa jirani, vyote kwa pamoja. Mishi hakumkatiza hata mara moja. Akauliza maswali matatu, akaandika, akamsomea. "Ndivyo, baba?" Mzee akasema neno moja si lake, likatolewa. Nilitazama nikaumia moyo kabisa. Huyu ndiye aliyepaswa kurithi meza yangu, na maneno mazuri namna ile yalikuwa yanatoka kila siku bila jina lake.

Mzee alipoondoka nikaweka karatasi mbele yake. Nikamwambia ni yake, tangu siku ile. Nikamwambia nilikosa, na kwamba nilijua ninavyokosa wakati nakosa. Hakuifunua.

"Mimi nilishakusamehe, Bi Zuhura, maana nilitaka kulala," akasema. "Lakini si mimi wa kuambiwa. Kila Idi napika, nampelekea mama mdogo sahani. Anaipokea, ananishukuru, kisha naiona inakwenda kwa jirani. Miaka yote hii hajala chakula cha mkono wangu. Kwake mimi ndiye niliyemuuza. Nyumba ni ile ile, Mikindani. Nenda."

Nikaenda siku ya pili yake. Mama yule alikuwa uani anachagua mchele. Amezeeka, mikono bado ya mshonaji, haraka na sawasawa. Nikamwamkia, nikasema jina langu, nikasema kilichonileta. Nilijiandaa kueleza habari ya simu ya Nairobi na mengineyo, lakini nilipofika pale nikaona hayana mahali. Nikasema, "Jina lako niliandika mimi. Mishi hakujua mpaka alipoliona gazetini. Na ulipokuja kuniuliza, nilikudanganya."

Vidole vyake viliendelea kuchagua mchele kitambo. Kisha vikasimama.

"Siku ile ulikuwa huna mdomo?"

"Nilikuwa nao."

"Mimi kazi ilikwenda, kazi huenda," akasema. "Mtoto je? Nilimlea tangu ananyonya chupa. Wallahi, alinililia hapa, kaniapia, nikamwambia mwongo. Kwa neno lako wewe. Kwa kuwa wewe ni mtu mzima, umesoma, huwezi kumsingizia mtoto."

Nililia, na yeye hakuninyamazisha, na hakuwa na sababu ya kuninyamazisha.

"Mlinitia gazetini," akasema mwishowe. "Na hili liandike. Pale pale watu wako wa kazi wasome. Kisha uje unisomee mimi kabla ya mtu mwengine."

Ndiyo asili ya karatasi hizi. Nimeziandika kwa kalamu ya buluu, na Alhamisi nilizipeleka Mikindani. Mishi alikuwa ameshafika. Aliniitikia hodi kutoka jikoni, na harufu ya wali wa nazi ilikuwa imejaa nyumba. Alikuja akaketi mkekani karibu na mama yake mdogo. Nikasoma neno kwa neno, tangu saa ya ukutani mpaka mchele. Nilipofika kwenye jibu langu la siku ile niliacha kusoma. Walingoja wote wawili mpaka nikaweza kulitamka.

Nilipomaliza nikamwuliza mama mdogo kama ananiruhusu kulitaja jina lake, maana bila jina habari yangu mwenyewe nilishasema ni uvumi.

"Langu liache," akasema. "Lishatumika."

Akamgeukia Mishi. "Mwanangu, pakua."

Mishi alikaa kama hakusikia. Kisha akainuka. Ile karatasi ya rehani alikuwa ameishika mkononi muda wote. Akaitia kifuani, ndani ya kanga, akaenda jikoni. Nami nikakusanya zangu. Mnajua kwetu huku, sahani ikiteremshwa hata mpita njia huitwa. Hakuna aliyeniambia karibu, na sikulaumu. Nilipokuwa kizingitini navaa viatu nilimwona mama mdogo akinawa, akavuta sinia, akatia tonge la kwanza mdomoni. Mishi alikuwa amesimama, bakuli la mchuzi mikononi, anamtazama akitafuna.

Faili la kijani nimewaachia kabatini, halina kitu ndani. Wapeni wanaokuja karatasi zao, na mkiwafundisha neno la Mzee Kaingu, wapeni lote. Habari hii ni ya aliyeiandika. Jina lake ni Zuhura binti Omari, wa Kisauni.